Shujaa Aliyekosea kwa Mkono Wake

Jioni ya leo nataka tuzungumze kuhusu watu ambao hawakuwahi kuzaliwa, yaani wahusika wakuu wa riwaya zetu, tamthilia zetu na michezo yetu ya redio. Nina jambo moja la kusema, na nitalitetea hadi saa yetu iishe. Mhusika mkuu hutuingia moyoni pale anapokosea mwenyewe, kwa hiari yake, akajua kwamba amekosea, kisha akabadilika polepole huku sisi tukimtazama. Akiteswa tu bila kukosea, tutamlilia. Lakini kumlilia mtu ni jambo moja, na kujiona ndani yake ni jambo jingine.

Nianzie hapa nyumbani. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, lakini sifa ya kuwa makao ya mabingwa tulikuwa nayo zamani. Uwanja wetu unaitwa Kipchoge Keino, na kisa cha mwanariadha huyo kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 kila nyumba inacho. Sikilizeni jinsi wazee wanavyokisimulia. Hawaanzi na dhahabu. Wanaanza na mbio za mita 10,000, pale Keino alipoanguka nje ya njia kwa maumivu ya nyongo zikiwa zimebaki raundi chache. Wakishamwangusha ndipo wanamwinua: fedha katika mita 5,000, halafu tarehe 20 Oktoba, mita 1,500, anamwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma sana, naye Ryun ndiye aliyekuwa mwenye rekodi ya dunia. Ukimwambia mzee aruke sehemu ya kuanguka, kisa chote kinapungua uzito.

Kwa hiyo mtu atasema, basi hoja imekwisha, shujaa lazima aanguke. Hapana, tusikimbie. Nyongo ni ugonjwa. Keino hakumkosea mtu yeyote kwa kuugua. Kisa chake ni cha ushupavu, na kinatosha kabisa kama kisa cha ushupavu, tena ni cha kweli. Tatizo ni kwamba waandishi wetu wengi, hasa vijana wanaoandika michezo ya tamasha za shule na vikundi vya maigizo, wamelichukua anguko la namna hiyo wakadhani ndiyo kasoro ya mhusika. Wanamfanya binti yatima, wanamnyima karo, wanampa mama wa kambo mkali, wanamlaza njaa, kisha katika onyesho la mwisho anakuwa daktari na kurudi kijijini kuwajengea watu zahanati. Yote aliyopitia yametoka nje yake. Yeye mwenyewe, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ni yule yule. Amezungushwa na dunia, ila hajakua.

Jambo hili lina mizizi mirefu katika fasihi yetu, na nalisema kwa heshima. Shaaban Robert alipoandika Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, alimwita shujaa wake Adili, na nduguze akawaita Hasidi na Mwivu. Ukishasikia majina unajua nani atakosea na nani hatakosea. Shaaban Robert alikuwa na kazi yake: alitaka kutuonyesha wema ulivyo, na aliifanya kazi hiyo kwa lugha ambayo hadi leo hatujaipata tena. Lakini mimi nikikisoma kitabu kile, mahali ninapomkaribia Adili ni pamoja tu. Ni pale anapolazimishwa kuwapiga nduguze waliogeuzwa kuwa nyani, usiku baada ya usiku, na roho yake inakataa kile mkono wake unachokifanya. Hapo ndipo sanamu inapata damu. Mtu anayetenda jambo asilolitaka, akalitenda tena kesho yake, huyo ninamfahamu.

Wapelelezi nao ndio hivyo. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, anapiga, anapenda, anashinda. Ni burudani nzuri ya safari ya basi, na sidai zaidi.

Nikija karibu na sisi, kuna Kongowea Mswahili wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 1996. Ninyi mliosoma miaka ile mnakumbuka jinsi kijana yule alivyotoka Tanga akimtafuta baba yake hadi Kitale, hapa hapa jirani. Kizazi kizima kiliipenda lugha ya Kiswahili kupitia kitabu hicho. Hata hivyo Kongowea anaonewa mno kuliko anavyokosea. Walibora mwenyewe, nadhani, alikuja kulihisi hilo. Katika Kidagaa Kimemwozea, mhusika anayenivuta si Amani, kijana mwema anayeutafuta mswada wake ulioibwa. Ni Mwalimu Majisifu, mlevi, mwalimu wa kupuuza darasa, aliyeuiba mswada huo akauchapisha kwa jina lake. Majisifu anajua. Kila sifa anayopewa kwa ajili ya kitabu kile inamchoma, kwa sababu anajua kalamu haikuwa yake. Anapofika mahali pa kukiri, kukiri kwake kuna uzito, maana tumeona gharama ya kunyamaza. Na ninyi wanafunzi mnaosoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi sasa hivi, mtazameni Mrima mumewe Mangwasha kwa jicho hilo hilo. Mtihani utawauliza sifa za Mangwasha, nanyi mtajibu vizuri. Lakini mlevi anayeitelekeza familia yake kisha akatafuta njia ya kurudi anastahili kusomwa kwa makini kuliko anavyosomwa.

Sasa niwape mfano ambao kwangu mimi ndio mkubwa kuliko yote katika nchi hii. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga mwezi wa Mei 2025, aliandika A Grain of Wheat mwaka 1967. Kijiji cha Thabai kinajiandaa kwa sherehe za Uhuru. Wanakijiji wamemchagua Mugo ahutubie umati, kwa sababu alifungwa kizuizini na kuteswa, hakusema neno. Wanamwona shujaa. Wanachokosa kujua ni kwamba Mugo ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji aliyenyongwa. Na kwa nini alimsaliti? Hapa ndipo ustadi ulipo. Kiini cha usaliti wake hakikuwa fedha wala chuki. Mugo alikuwa mtu mpweke aliyelelewa na shangazi mlevi, na alilotaka maishani ni kulima kishamba chake na kuachwa kwa amani. Kihika akaja usiku kwenye kibanda chake, akamwingiza katika vita, na Mugo akaona maisha yake madogo aliyoyatamani yanateketea. Akaenda kwa afisa wa wilaya.

Msikilizaji, nani kati yetu hajawahi kutaka kuachwa kwa amani? Hiyo ndiyo maana yangu ninaposema kasoro. Mwandishi asimpachike mhusika wake ulevi au hasira ili tu awe na doa, kisha aseme amemfanya binadamu. Kasoro inayoshika ni ile inayotokana na jambo ambalo msikilizaji naye analitaka, na analitaka kwa haki. Usalama. Heshima ya jirani. Mtoto wangu apite mtihani. Mhusika anataka jambo jema kama sisi, kisha siku moja analitaka kupita kiasi, na mtu mwingine analipa. Mugo anaposimama mbele ya umati siku ya Uhuru na kusema ni yeye, hakuna aliyemlazimisha. Njia ya kufika pale imechukua kitabu kizima.

Na hadithi zetu za jadi je? Mtaniambia Fumo Liyongo alikuwa na kitovu, mahali pekee ambapo msumari wa shaba ungeweza kumuua. Lwanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe na nguvu zake zilikaa kwenye kivuli. Ni kweli, mashujaa hawa walikuwa na udhaifu, lakini udhaifu wao ulikuwa wa mwili. Anayenishughulisha katika visa hivi viwili ni yule anayesimama kando ya shujaa. Kwa Liyongo ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa mema na watawala ili aiulize siri. Kwa Magere ni mke. Hebu tukae kidogo na huyu mke, kwa sababu kisa hiki kinatuhusu sisi wa huku juu. Wanaokisimulia Nyanza wanasema alikuwa binti wa Lang'o, yaani alitoka upande wa Wanandi, akapelekwa kuolewa na adui ili agundue nguvu zake zatoka wapi. Akaishi naye. Akampikia. Magere akaugua, akamwomba amchanje dawa, wembe ukagoma kuingia mwilini, ndipo akamwambia achanje kivuli. Damu ikatoka. Usiku akatoroka kwenda kwa watu wake na habari hiyo, na katika vita vilivyofuata mkuki ulichomwa kwenye kivuli.

Msimulizi anaruka kutoka kwenye damu hadi kwenye vita. Nami kila ninapokisikia nataka asimame katikati. Mwanamke huyu amemtibu mgonjwa kwa mkono wake. Mgonjwa amemwamini kuliko alivyomwamini mama yake. Kutoka nyumba ile hadi kwao ni mwendo wa usiku mzima, peke yake, na ana muda wa kugeuka. Kwao ni shujaa wa kuimbwa, kwa Waluo ni msaliti, na yeye mwenyewe ni nani njiani? Mwandishi kijana wa Nandi au wa Uasin Gishu anayetafuta mhusika mkuu wa riwaya yake ya kwanza, huyo hapo, amekungoja kwa vizazi vingi.

Redio inaijua siri hii kuliko hata vitabu. Mwezi Julai 1993, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Nanyi madereva sikilizeni vizuri, kwa maana mtu aliyetawala mchezo ule alikuwa mwenzenu: Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake katika vituo vya njiani, aliyekuja kufa kwa UKIMWI. Waliobuni mchezo ule walifuata mtindo uliotoka Mexico, wa mtengenezaji wa vipindi aitwaye Miguel Sabido, ambaye miaka ya sabini alianza kuwagawa wahusika wake mafungu matatu. Kuna wa kuigwa, kuna wa kuepukwa, na kuna wa katikati, anayeyumba. Mafundisho yote ya mchezo yanabebwa na huyu wa katikati. Katika Twende na Wakati alikuwa Tunu, mke wa Mkwaju. Mwanzoni Tunu anavumilia. Anavumilia mno, hadi msikilizaji anataka kuingia ndani ya redio amtikise. Halafu anajaribu kidogo. Anaanza biashara yake ndogo. Anakuja kumwacha Mkwaju, lakini baada ya vipindi vingi sana.

Kwa miaka miwili ya kwanza kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo ule, makusudi, ili watafiti wapate kulinganisha. Walipolinganisha, waliona kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi kule kulikosikika mchezo kuliko Dodoma. Kwangu mimi huo ni ushahidi ninaouthamini, kwa sababu hautoki kwa wahakiki. Umetoka kwa watu waliokuwa wakipika ugali huku Tunu akihangaika redioni. Kama Tunu angekuwa mwanamke jasiri tangu kipindi cha kwanza, wangemsifu. Kwa kuwa alichelewa kama wao, walienda naye.

Basi tuseme kuna kijana mbele yangu ana daftari, anataka kuandika mchezo wa redio wa vipindi kumi na viwili kuhusu mwendesha boda boda wa Langas, hapa Eldoret. Tumwite Kibet. Katika rasimu ya kwanza Kibet ni kijana mchapakazi, anaibiwa pikipiki, anapigwa, anasimama tena, ananunua nyingine. Ningemwambia mwandishi airudishe pikipiki. Badala yake, shangazi yake Kibet aliyeko Turbo ametuma karo ya dada yake mdogo kwa simu, kupitia kwa Kibet, kwa kuwa ndiye anayeaminika nyumbani. Ni siku ya Jumamosi, mechi ziko, na Kibet ana deni la mkopo wa pikipiki. Hataki kuiba. Anataka kuizidisha ile pesa ili karo ilipwe na deni lilipwe, na mama apumue. Anaiweka kwenye kamari. Inaliwa.

Hicho ni kipindi cha kwanza. Kosa ni lake, na nia yake kila mtu stejini anaielewa. Sasa mwandishi asiwe na haraka. Kipindi cha pili, Kibet anamwambia mama kwamba shule imesema stakabadhi itachelewa. Cha tatu, dada anarudishwa nyumbani na sanduku lake, naye Kibet ndiye anayembeba kutoka steji hadi nyumbani. Wasikilizaji watangoja akiri hapo, na mwandishi dhaifu atamfanya akiri hapo, machozi yamwagike, muziki uingie. Asikiri. Achukue mkopo mwingine wa simu. Kosa la pili linatufundisha kumhusu kuliko la kwanza, maana sasa amemwona aliyemuumiza na bado ameogopa. Dalili ya kwanza ya kubadilika iwe ndogo kiasi kwamba msikilizaji asiyekuwa makini ataikosa: mwenzake anamwonyesha mechi kwenye simu, naye anakaa kimya kidogo kabla ya kuitazama. Kipindi cha saba afute programu ya kamari kwenye simu, cha nane airudishe. Ndiyo, airudishe. Anayejaribu kuacha jambo huliacha mara nyingi. Cha kumi amwambie ukweli mtu asiye na nguvu juu yake, labda mekanika anayemtengenezea breki, kama kwa kujaribu tu jinsi maneno yanavyosikika yakitoka kinywani. Na maneno ya kumwambia mama yaje mwisho, mafupi, jikoni, bila hotuba. Dada awe tayari amepoteza muhula mzima, na asiupate tena, kwa maana kosa lililofutwa kabisa na mwisho mzuri halikuwa kosa, lilikuwa kikwazo tu.

Kuna hoja ninayosikia kutoka kwa walimu na viongozi wa dini, na ni watu ninaowaheshimu sana. Wanasema vijana wanahitaji vielelezo, na tukiwapa wahusika wakuu wenye makosa tunawafundisha makosa. Nawaelewa. Lakini mtoto aliyelelewa kwa visa vya watu wasiokosea, siku atakapokosea yeye atajiona ametoka katika kundi la watu wema, na aliyejiona ametoka hana sababu ya kurudi. Visa vya namna ya Tunu na Majisifu vinamwonyesha njia ya kurudi, hatua moja moja, pamoja na bei ya kila hatua.

Na katika mji huu wetu hoja hii si ya fasihi tu. Nalisema hili taratibu, maana kuna wanaonisikiliza ambao bado wana makovu. Tarehe 1 Januari 2008, hapo Kiambaa nje kidogo ya mji, kanisa lilichomwa likiwa na watu waliokuwa wamekimbilia humo. Baada ya miezi ile ya ghasia za uchaguzi kila upande ulibaki na hadithi yake, na katika kila hadithi sisi ni wasafi na wao ni wanyama. Tumeishi na hadithi hizo miaka yote hii tukiuziana maziwa na mahindi.

Assumpta Matei alijaribu kuligusa jeraha hilo katika Chozi la Heri, riwaya iliyosomwa katika shule zetu za sekondari kwa miaka kadhaa. Daktari Ridhaa anampoteza mkewe na jamaa zake wengine motoni baada ya uchaguzi. Maumivu yake yameandikwa vizuri, na wanafunzi wengi wa hapa waliyasoma wakiwa wanajua yanatoka wapi. Lakini mhusika ambaye mimi nilitaka kumfuata ni Mzee Kedi, jirani na rafiki yake Ridhaa, aliyekuwa miongoni mwa waliomgeuka. Riwaya inamwacha mapema. Nataka kujua alilala vipi usiku ule. Nataka kujua alisema nini nyumbani kwake asubuhi, na mwaka wa pili alipopita penye kiwanja kile, na mwaka wa tano wajukuu walipomuuliza nani aliishi pale. Nataka mwandishi amfuate bila kumsafisha na bila kumgeuza jini, katika kubadilika kwake ikiwa atabadilika, kuanzia uongo anaojiambia mwenyewe hadi siku uongo huo unapomchosha.

Kitabu hicho kitawakasirisha waliofiwa, na wana haki. Mwandishi atakayekiandika akae nao kwanza, Burnt Forest, Kiambaa, Turbo, awasikilize kwa muda mrefu kabla ya kuandika neno moja kuhusu moyo wa aliyewaumiza. Na asimlazimishe Ridhaa kusamehe ili Kedi apate mwisho mzuri. Ridhaa hana deni lolote. Kedi abadilike hata kama hakuna mtu atakayempa mkono, na ikiwa mwandishi hawezi kumbadilisha katika hali hiyo, basi asubiri hadi aweze.